Namba 7 na namba 8: ukurasa mmoja wa kaye ya Profe

Kaye, yaani daftari, ni ya kurasa 100, jalada la bluu, pembe zimeliwa na unyevu wa ziwa. Katikati yake kuna ukurasa wenye safu mbili zilizopigwa kwa rula. Juu ya safu ya kwanza pameandikwa K, juu ya ya pili W. Chini ni namba tupu, na pembeni alama za vidole vyeusi, maana kiwanja chetu cha saruji kimezungukwa na mawe ya volkano, na mpira uliodunda hapo saa moja unakupaka vumbi ambalo sabuni haliliondoi kwa kunawa mara moja.

K ni Jonathan Kuminga, mzaliwa wa hapa Goma, 6 Oktoba 2002. W ni Franz Wagner, mzaliwa wa Berlin, 27 Agosti 2001. Ukurasa uliandikwa Julai 2021, wiki ya drafti ya NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu Marekani, na aliyeuandika ni profe wa hesabu wa sekondari ambaye jioni huja kunisaidia na watoto kiwanjani, ingawa mwenyewe hajui hata kudribli. Mimi ndiye koche. Tulibishana juu ya ukurasa huu usiku ule, na tumeendelea kubishana miaka yote iliyofuata. Leo nauchambua upya kwa sababu nina vijana wawili mbele yangu na nafasi moja tu, na nimejikuta karibu kurudia kosa lile lile.

Kwa asiyefuatilia: drafti ni usiku ambao timu 30 zinachagua vijana kwa zamu, raundi mbili, nafasi 60. Waliofanya vibaya msimu uliopita ndio wenye bahati kubwa zaidi ya kuita mapema. Kijana lazima awe anatimiza angalau miaka 19 ndani ya mwaka huo. Kuminga usiku ule alikuwa bado na 18, Wagner 19 akielekea 20. Kati yao kuna miezi 13 na siku chache. Wote wawili wanapita mita mbili, wote wanacheza pembeni, na wote walikuwa mezani kwa timu zilezile: Golden State waliokuwa na namba 7, na Orlando waliokuwa na namba 8. Ndiyo maana Profe hakuhangaika na Cade Cunningham wala Evan Mobley. Hao walikuwa wamekwisha kupita juu ya vichwa vya wengine.

Ukumbuke pia Goma ya Julai 2021 ilikuwa Goma gani. Tarehe 22 Mei, Jumamosi jioni, Nyiragongo ilitapika. Moto ukashuka hadi Buhene na kusimama karibu na uwanja wa ndege. Siku tano baadaye ikatoka amri ya kuhama sehemu kubwa ya mji, watu wakajaza barabara ya Sake, wengine wakavuka kwenda Gisenyi, wengine wakapanda mashua kwenda Bukavu. Tuliporudi, ukuta wa nyuma ya panye yetu, kikapu cha kutupia mpira, ulikuwa na ufa wa kuingiza vidole viwili. Na katika mji wa namna hiyo, mtoto wa Goma anatajwa kati ya wale watakaoitwa mapema huko Brooklyn, mahali pa drafti. Nani angetulia alinganishe namba? Profe peke yake.

Siku tatu kabla ya drafti aliwaandikia watoto namba ubaoni bila majina. Wa kwanza: mechi 13, pointi 15.8 kwa mechi, ribaundi (mipira ya kurudi anayoinasa) 7.2, pasi za kufungisha 2.7, mitupo iliyoingia asilimia 38.7, ya mbali 24.6, mitupo huru 62.5. Wa pili: mechi 28, pointi 12.5, ribaundi 6.5, pasi 3.0, mitupo iliyoingia 47.7, ya mbali 34.3, mitupo huru 83.5. Akawaambia wachague. Mikono ikaanza kwenda kwa wa pili, mpaka msichana mmoja wa nyuma akasema: "Profe, huyu wa mechi 13 ni mutoto yetu. Banacheza kidogo juu ya korona." Mikono yote ikashuka, halafu ikainuka upande wa pili. Na mkono wangu, nikiri, ulikuwa wa kwanza.

"Koche," Profe akaniambia, "weye uko unachagula na roho. Roho ni ya ndoa, haiko ya basketi."

Msichana alikuwa sahihi. Kuminga aliondoka Kongo mwaka 2016, akasoma sekondari Marekani, na badala ya kwenda chuo akajiunga na Ignite, timu iliyoundwa ndani ya G League, ligi ndogo ya NBA, kwa ajili ya vijana kama yeye. Kwa sababu ya korona msimu wote ulichezwa mahali pamoja, mjini Orlando, na Ignite wakapata mechi 15 tu. Yeye alicheza 13. Wagner alikuwa chuo cha Michigan, mwaka wake wa pili, katika timu iliyochukua ubingwa wa msimu wa kawaida wa Big Ten, ligi ya vyuo.

Kwenye mitupo huru, lanse fran kama tunavyoita sisi, ndipo tuligombana zaidi. Hoja ya Profe ilikuwa hii: ni mahali pekee katika mchezo mzima ambapo hakuna anayekukaba, hakuna anayekimbia, na umbali haubadiliki. Unaonyesha mkono ulivyo. Kijana wa asilimia 83 amekwisha kuwa na mkono, na mitupo ya mbali itafuata. Kijana wa asilimia 62 anaweza kuruka hadi mawinguni, ila siku mabeki watakapomwachia nafasi makusudi na kumwambia tupa, tutaona.

Mimi nikamjibu kwa mpira. Mechi 13 haziwezi kuzaa mitupo mingi ya kumhukumu mtu. Nikamchukua kijana mmoja mwembamba wa Katindo, nikampa mitupo 50. Siku ya kwanza aliingiza 29. Siku ya tatu yake, mpira uleule, panye ileile isiyo na wavu, aliingiza 36. Nikamletea Profe namba hizo. Akahesabu kichwani.

"58 na 72 kwa mia. Ni muntu mumoya huyo?"

"Mumoya, Profe."

Akanyamaza. Kisha akachukua kalamu, na mbele ya 62.5 akaweka alama ya kuuliza. Ipo mpaka leo, kubwa, imebonyezwa kwa nguvu hadi inaonekana nyuma ya karatasi. Ni hoja pekee niliyowahi kumshinda, na hata hiyo, kama utakavyoona, sikuishinda yote.

Hoja yangu ya pili ilikuwa dhaifu kuliko nilivyodhani. Nilisema Kuminga anapambana na watu wazima, wenye ndevu, watu wanaotafuta mkate wao katika G League, ilhali Wagner anacheza na wanafunzi. Ni kweli. Lakini Profe alikuwa amesoma: kabla ya Michigan, Wagner alikuwa Alba Berlin, akicheza katika ligi kuu ya Ujerumani dhidi ya watu wazima akiwa bado kijana mdogo. Na kaka yake, Moritz, alikuwa amepita njia ileile, Berlin kisha Michigan, akachukuliwa namba 25 mwaka 2018. Ndani ya nyumba yao drafti haikuwa hadithi ya mbali.

Upande wa mwili sikuwa na mpinzani. Kuminga akishika mpira na kuinamisha bega, mtu hupeperuka. Alikuwa na miaka 18 na kifua cha mtu wa 28. Wagner alikuwa mrefu zaidi kidogo lakini mwepesi, mtu wa kukata njia nyuma ya beki, wa kusimama mahali panapotakiwa kabla mpira haujafika. Vitu hivyo video fupi za simuni hazivionyeshi. Unaviona ukitazama mechi nzima, na mechi nzima inakula mega za simu. Hapa Goma wengi wetu tulimjua Kuminga kwa vipande vya sekunde 30, na katika sekunde 30 anayeruka hushinda kila mara.

Kulikuwa pia na doa kwa Wagner, na mimi nililitumia bila huruma. Machi 2021, katika robo fainali ya mashindano ya vyuo, Michigan ilifungwa na UCLA 51 kwa 49, na yeye aliingiza mtupo mmoja kati ya kumi. "Huyo ndiye mkono wako?" nilimuuliza Profe. Akasema mechi moja ni kama mitupo yangu 50. Hapo nilinyamaza mimi.

Basi usiku wenyewe. Drafti ilifanyika Brooklyn jioni ya 29 Julai; kwetu ikawa saa nane za usiku, tayari tarehe 30. Tulikuwa watu sita kwenye kibaraza, simu moja yenye kioo kilichopasuka, imeegemezwa kwenye chupa. Picha ilikuwa inaganda. Cunningham, Green, Mobley, Barnes, Suggs. Namba 6 Oklahoma City wakamwita Josh Giddey, na hapo moyo ukaanza kunidunda, maana zamu iliyofuata ilikuwa ya Golden State. Picha ikaganda tena. Iliporudi, Kuminga alikuwa amesimama, kofia kichwani.

Tulipiga kelele ambazo sitazieleza. Jirani alitoka mbio na mtoto mgongoni na ndoo mkononi, akidhani mlima umetapika tena. Tulipomwambia ni basketi, alituangalia kwa muda, akasema neno moja la Kinande nisilolijua, akarudi ndani.

Profe hakusimama. Alingoja dakika tano za zamu iliyofuata, Orlando wakamwita Wagner, akaandika 7 chini ya K na 8 chini ya W, akafunga kaye.

Kidogo nitoke njiani. Namba 7 ina jambo na Wakongo. Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, aliitwa namba 7 mwaka 2011. Emmanuel Mudiay, mzaliwa wa Kinshasa, namba 7 mwaka 2015. Kuminga namba 7 mwaka 2021. Dikembe Mutombo, mwaka 1991, alikuwa namba 4. Na Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi, aliyechaguliwa mchezaji bora wa vyuo Marekani mwaka 2022 akiwa na wastani wa ribaundi 15 kwa mechi, mwaka uliofuata hakuitwa kabisa, nafasi zote zikaisha bila jina lake. Vijana wangu wakiniuliza kwa nini, nawajibu kwamba drafti hainunui ulichofanya jana. Hawaridhiki. Hata mimi siridhiki sana.

Tuendelee. Msimu wa kwanza ulionekana kumpa Profe ushindi wa wazi. Wagner alianza mechi zote 79 alizocheza, wastani wa pointi 15.2, akaingia kikosi cha kwanza cha wachezaji wapya. Desemba 2021 aliwafunga Milwaukee, mabingwa wa wakati huo, pointi 38. Kuminga alikuwa na 9.3. Watoto kiwanjani wakaanza kusema kimya kimya kwamba Mjerumani ni mkali kuliko wetu.

Ila Profe, na hili ndilo nampendea, alikuwa wa kwanza kugundua kwamba ukurasa wake ulikuwa na upungufu. Akagawanya. Wagner alicheza dakika 30.7 kwa mechi, Kuminga 16.9. Ukiwapa wote dakika 36, Kuminga anafunga 19.8 na Wagner 17.8. Mtoto wetu alikuwa anafunga zaidi kwa kila dakika aliyopewa. Hakupewa dakika.

Nilitaka kusherehekea, akanizuia. Dakika za Kuminga, alisema, nyingine zinatoka wakati mechi imekwisha kuamuliwa, na nyingine anacheza kando ya Stephen Curry, mtu anayevuta mabeki wawili kila aendako, njia ya kwenda panye ikabaki wazi kama barabara siku ya salongo, watu wote wakiwa kwenye usafi. Wagner alikuwa kwenye timu iliyoshinda mechi 22 na kupoteza 60. Hakuna wa kumfungulia mlango.

Kwa hiyo safu mbili hazikutosha. Tulilinganisha mwili na mwili, mkono na mkono, umri na umri, tukasahau nyumba ambayo kila mmoja alikuwa anakwenda kuishi. Golden State walikuwa na Curry, Klay Thompson, Draymond Green na Andrew Wiggins, watu waliokuja kuchukua ubingwa Juni 2022 kwa kuwafunga Boston mechi 4 kwa 2. Namba 7 yenyewe haikuwa matunda ya kushindwa kwao. Ilitoka Minnesota, katika mabadilishano yaliyomleta Wiggins Februari 2020. Walikuwa kama mtu aliyeokota mche mzuri njiani akaupanda chini ya mwavoka mkubwa. Mche ni mzuri, udongo ni mzuri, jua ndilo haba. Orlando, kinyume chake, Machi 2021 walikuwa wameuza wachezaji wao wakubwa wote ndani ya siku moja: Vucevic Chicago, Gordon Denver, Fournier Boston. Namba 8 ilitokana na biashara ile ya Chicago. Uwanja wao ulikuwa mtupu, jua tele.

Nikiulizwa leo, nasema ni kama timu zile zilibadilishana watoto: kila moja ilimchukua aliyeifaa nyingine. Timu ya mabingwa ilihitaji anayejua kusimama mahali pake, kutoa pasi kwa wakati na kuingiza mtupo huru dakika ya mwisho. Huyo alikuwa Wagner. Timu iliyokuwa na dakika za kutupa ndiyo ingemfaa kijana wa miaka 18 anayehitaji kukosea mara 500 bila kukalishwa benchi. Huyo alikuwa Kuminga. Profe hakubaliani nami. Yeye anashikilia kwamba Wagner angekuwa Wagner popote, na kwamba mimi ninatafuta njia ya kistaarabu ya kumtetea mtoto wa nyumbani. Inawezekana.

Na ile alama ya kuuliza? Miaka ilijibu, kwa pande zote mbili. Katika misimu minne ya kwanza Kuminga aliingiza kati ya asilimia 65 na 75 ya mitupo huru. Mwaka mmoja inapanda, unaofuata inashuka. Basi 62.5 haikuwa bahati mbaya ya mechi 13, kwa kiasi kikubwa ilikuwa kweli. Wagner hakuwahi kushuka chini ya 80. Hapo Profe alishinda. Lakini utabiri wake kwamba mitupo ya mbali itafuata mkono haukutimia: msimu wa 2023–24 Wagner aliingiza asilimia 28 tu ya mitupo ya pointi 3, na uliofuata hakufika 30. Alipanda hadi wastani wa pointi 24 kwa mechi kwa kuingia ndani, kwa mwili, kwa kukata njia. Yaani kwa vitu tulivyosema ni vya Kuminga. Nilimwonyesha Profe hilo. Alisema atalifikiria.

Mwaka 2023, akiwa na miaka 22, Wagner alikuwa ndani ya timu ya Ujerumani iliyochukua Kombe la Dunia Manila, 83 kwa 77 dhidi ya Serbia. Julai 2024 Orlando wakampa mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 224. Kuminga ana pete ya ubingwa, ambayo Wagner hana, ila mkataba wake uliofuata ulikuja vuli ya 2025 baada ya majadiliano ya kiangazi kizima: miaka 2, hadi dola milioni 48.5. Usiku ule wa drafti tofauti ya mishahara yao ya mwaka wa kwanza haikufika nusu milioni.

Kuna usiku mmoja bado unanirudia. Mei 2025, Goma imeshabadilika mikono tangu Januari, benki zimefungwa, ndege hazitui, kila mtu anahesabu noti alizobaki nazo. Kuminga alikuwa amekalishwa benchi. Katika mtoano dhidi ya Houston kulikuwa na mechi ambazo hakuingia kabisa. Kisha Curry akaumia msuli wa paja dhidi ya Minnesota, na katika mechi ya tatu wakamwachia mtoto uwanja. Alifunga 30. Golden State walifungwa, 102 kwa 97, lakini mimi sikujali. Saa kumi na moja alfajiri nilimwandikia Profe: "30!" Nilidhani amelala. Jibu lilikuja palepale.

"Amecheza dakika ngapi?"

Sasa hawa wangu wawili. Mmoja ana miaka 16, alianza mpira mwaka juzi, mikono mirefu, anaruka hadi anagusa ubao kwa kiganja kizima, na mitupo huru anaingiza mmoja kati ya miwili siku nzuri. Mwingine ana 18, si mrefu wa kutisha, haongei, lakini tangu anitokee sijamwona akitoa pasi kwa mtu asiye tayari. Timu moja ya mji imeniomba mmoja. Jina la yule wa 16 lilikuwa tayari mdomoni.

Nilimpigia koche wao kwanza. Nikamuuliza, kijana nitakayekutumia atakuwa nyuma ya nani? Akasema wana wakubwa watatu nafasi ile. Nikauliza, atacheza dakika ngapi? Akacheka. "Tutaangalia, ndugu yangu, mulete kwanza."

Nikafungua ukurasa mpya. Profe akapiga safu mbili kwa rula, nami nikapiga ya tatu kwa mkono, imepinda. Kwenye safu hiyo, kwa wote wawili, bado hakuna namba. Jumamosi nakwenda kutazama mazoezi yao, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na saa.